Mama Mkwe Kwenye Mtaro wa Msingi

Siku ya pili baada ya wageni kuanza kuchimba msingi wa nyumba yangu, mama mkwe alitoa kigoda chake jikoni, akashuka nacho ndani ya mtaro, akaketi. Mtaro ulikuwa umefika magotini. Alikaa pale pale ambapo mlango ungekuja kuwa, akakunja lesso katikati ya mapaja, akapakata ungo wa kunde na kuanza kuzichambua. 

Mimi nilikuwa napika uji wa watu kumi na wanne. Nilipomwona nilijua mara moja amekaa kwa nini, na hasira ikanipanda hadi nikausahau uji, ukashika chini.

Wageni wenyewe walikuwa vijana kumi na wawili kutoka ng'ambo, waliokuja kujitolea kupitia kanisa letu, pamoja na kiongozi wao, seremala mstaafu mwenye ndevu nyeupe tuliyemwita Mzee. Walikuwa na wiki tatu: wiki tatu za kuijengea familia moja nyumba ya matofali na mabati, kisha wapande ndege warudi kwao. Familia hiyo ilikuwa sisi.

Tuliishi karibu na Sori, ndani ya dala, yaani boma, la marehemu baba mkwe. Nyumba yetu ya udongo ilikuwa imeangushwa na mvua za El Niño. Haikuanguka kwa kishindo. Ilikaa chini polepole kama ng'ombe mgonjwa, ukuta wa nyuma kwanza, na nilipata nafasi ya kutoa watoto, sufuria na cheti changu cha kidato cha nne. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu na watoto wawili.

Kwetu, mwanamume akishaoa halali na mkewe chini ya paa la mama yake. Basi mimi na watoto tukahamia kwa mama mkwe, na mume wangu akahamia kwenye kibanda chake cha ushonaji sokoni, akawa analala kati ya cherehani na mafungu ya vitambaa. Miezi saba. Tulikuwa mume na mke wa kuonana mchana, mbele za watu, kama tunaouziana samaki. Mtoto wangu wa pili, ambaye nyumba ilipoanguka alikuwa bado ananyonya tu na kulala, alikuja kuwa wa kutambaa na akaanza kumkimbia babake. Mwanamume akikaribia, mtoto anajificha nyuma ya gauni langu kama ameona mtu wa kuchanja chanjo.

Nilikuwa na hasira. Niliikasirikia mvua, nikamkasirikia mume wangu kwa upole wake, na mama mkwe kwa kuonja kila chungu nilichopika kabla hakijaiva. Zaidi nilikasirika kwa sababu ya kushukuru. Ukikaa kwa mtu unashukuru tangu asubuhi. Umeshukuru maji, umeshukuru moto, umeshukuru kona ya kuweka sanduku. Jioni mdomo umechoka.

Kwa hiyo kamati ya kanisa ilipokuja na fomu, niliijaza mimi mwenyewe kwa mwandiko wangu wa shule. Watoto wangapi? Wawili. Choo kipo? Kipo. Paa ni la nini? Niliandika: hakuna.

Hakuna mahali kwenye fomu palipouliza habari za shemeji.

Mume wangu ni mtoto wa pili. Kaka yake, mzaliwa wa kwanza, alikuwa Muhuru Bay kwa wavuvi mwaka wa tisa, na tangu mazishi ya baba yao hakuwa amekanyaga nyumbani. Ile nyumba iliyoanguka ilikuwa yake kwa kweli. Ilikuwa simba, nyumba ya kijana karibu na lango, ambayo aliijenga kabla hajaondoka, na sisi tuliishi humo kama wapangaji wa mtu asiyerudi. Ilipoanguka, mkubwa akabaki bila nyumba ndani ya dala. Na mkubwa akiwa hana nyumba, mdogo hajengi. Akimruka kaka yake, chira inaingia, ile laana inayomkondesha mtu hadi mbavu na kuwafikia watoto. Hilo lilijulikana na kila mtu kuanzia Sori hadi Homa Bay, isipokuwa wale wazungu.

Nilijua, na nikanyamaza. Nilijiambia msingi ukishachimbwa hakuna atakayekuwa na nguvu za kuufukia. Mume wangu alikuwa amesema, "Tungoje kidogo. Tumtumie kaka ujumbe."

"Wa tatu?" nikamuuliza. "Wa kwanza na wa pili ulipotea ziwani?"

"Mama atasema nini?"

"Mama ana nyumba."

Nikawaonyesha wageni mahali, wakaanza kuchimba.

Sasa mama mkwe alikuwa ndani ya shimo na kunde zake, na wale vijana wamesimama na majembe, hawajui wafanye nini. Kulikuwa na msichana mmoja, pua imeungua jua hadi inabanduka, ambaye alikuwa amejifunza Kiswahili kwao kutoka kitabuni. Akainama kwenye mtaro akasema kwa heshima zote, "Shikamoo, bibi." Mama mkwe akamtazama, akarudi kwenye kunde. Sisi huku shikamoo hatuna, na bibi hakuwa ametoka kusalimiana.

Msichana akanigeukia. "Anafanya nini?"

Nilikuwa na sekunde moja ya kufikiri, nikaitumia vibaya. "Anaomba," nikasema. "Anaiombea nyumba."

Uso wake ukang'aa. Akawaambia wenzake, nao wakaweka majembe chini, wakavua kofia. Mzee akaja kutoka kwenye rundo la matofali akavua yake pia. Wakauzunguka mtaro, wakashikana mikono, kumi na watatu wote, wakafumba macho. Mmoja akaanzisha wimbo. Walijua kuimba, siwezi kusema uongo. Waligawana sauti vizuri kabisa juu ya kichwa cha mama mkwe.

Fundi wetu, mwashi aliyeletwa na kanisa kutoka Homa Bay ili awasimamie, alienda nyuma ya matofali na nikamsikia akikohoa kikohozi kisicho na ugonjwa.

Mama mkwe akainua uso. "Nyar Rangwe," akaniita kwa Kijaluo, yaani binti wa Rangwe, kwa maana wake huitwa kwa walikotoka. "Watu hawa wamepatwa na nini?"

"Wanaomba, mama."

"Wananiombea mimi? Mimi naumwa?"

"Wanadhani wewe ndiye unaomba."

Akafikiri, kunde moja kati ya vidole. "Waache wamalize. Wakimaliza, mimi niko hapa."

Na kweli walimaliza, na yeye alikuwa hapo. Saa sita ilipita. Fundi alipoulizwa kama anaweza kumsihi atoke, alisema, "Mama yule mimi simgusi. Na tofali langu siliweki hapo mpaka yeye aseme." Saa nane mama mkwe akaniagiza chai. Nikampelekea. Hiyo ndiyo hasira inayochosha: unamkasirikia mtu na bado unamshushia chai ya maziwa ndani ya shimo, naye anakuuliza kama sukari imeisha sokoni.

Ilibidi nimwambie Mzee ukweli. Nilimkuta amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, nikamweleza yote kwa Kiingereza changu cha shule, simba, mkubwa na mdogo, chira. Nilitarajia acheke, au anieleze kwamba hizo ni imani tu. Nilikuwa tayari kabisa kugombana naye, kwa sababu mimi kuyakasirikia mambo yetu ni haki yangu na yeye si yake.

Alisikiliza hadi mwisho. "Mbona hukutuambia?"

"Hamkuuliza. Mliuliza choo."

 Kisha akauliza swali ambalo hakuna mtu wa kamati aliyewahi kuliuliza: "Huyo kaka yuko mbali?"

"Si mbali. Ni Muhuru Bay. Ni mbali kwa mtu asiyetaka kuja."

Akanieleza hali ilivyokuwa. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Mabati, mbao na saruji vilikuwa bado Homa Bay. Jumatatu asubuhi alitakiwa kusema lori liende wapi: kwetu, au kwa familia iliyofuata kwenye orodha, upande wa pili wa Homa Bay, ambayo nayo ilikuwa imelowa kama sisi. "Siwezi kujenga juu ya mama yako," alisema. "Na siwezi kuwaweka vijana hawa wiki nzima bila kazi."

Kwa hiyo nilikuwa na Ijumaa, Jumamosi na Jumapili. Shemeji asipofika, nyumba yangu ingeenda kwa watu wengine, na mimi ningebaki chini ya paa la mama mkwe hadi mwanangu asahau kabisa sura ya babake.

Jioni ile mume wangu alisema, "Nitaenda mimi."

"Wewe ukienda mtakaa mzungumze habari za samaki."

Hakukataa. Ijumaa asubuhi nilimwachia mama mkwe mtoto mkubwa, nikamfunga mdogo mgongoni, nikaenda.

Nyumbani tulijua hivi kuhusu shemeji: ana mashua mbili, amekuwa tajiri, amejenga na mwanamke wa upande wa Tanzania, na kiburi hakimruhusu kuja kuona matope ya kwao. Mama mkwe mwenyewe ndiye aliyekuwa akisema habari za mashua. Safari nzima nilikuwa nikipanga maneno ya kumwambia tajiri huyo. Nilikuwa nayo mengi na yalikuwa mazuri.

Muhuru Bay omena, wale dagaa wa ziwani, ilikuwa imeanikwa pwani nzima juu ya nyavu, inameta kama misumari mipya, na wanawake wanaigeuza kwa fagio. Nilimuuliza mmoja wao, mama mnene mwenye kofia ya mwanamume.

"Wa Sori? Yule wa kushona nyavu?" akasema. "Pale kwenye turubai."

"Ninayemtafuta ana mashua mbili."

"Mashua?" Akawageukia wenzake. "Jamani, mshona nyavu ana mashua!" Wakacheka hadi wakaegemea fagio.

Alikuwa amekaa chini ya turubai lililofungwa kwenye vijiti vinne. Nilikuwa nimemwona mara moja tu, kwenye mazishi, lakini uso ulikuwa wa mume wangu, uliochomwa zaidi. Alikuwa akiziba wavu kwa sindano ya mti. Aliponitambua, sindano ikasimama.

"Mke wetu," akasema. "Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa. Bado."

Kisha nikaanza. Nilikuwa nimebeba maneno yale tangu nyumbani na sikuwa na njia ya kuyarudisha. Nikamwambia kuhusu nyumba yake iliyotuangukia. Nikamwambia mdogo wake analala na cherehani kama mjane. Nikamwambia watoto wake, kwa maana ni wake pia, wanalala miguuni pa mama yake. Nikamwambia kuna watu wamevuka bahari kuja kutujengea na yeye ameshindwa kuvuka Nyatike, nchi kavu tu. Wale wanawake waliacha kugeuza omena ili wasikie vizuri.

Aliniacha nimalize. "Nikirudi," akasema, "nirudi na nini?"

"Na miguu. Miwili inatosha."

Mama mwenye kofia akapiga makofi. "Ameshasema! Ondoka, bwana, mwanamke amekuja na mtoto mgongoni na wewe unauliza utabeba nini!"

"Mama anasema nina nini huku?" shemeji akaniuliza kwa sauti ya chini.

"Mashua mbili."

Akacheka, halafu kicheko kikakatika. "Nilimwambia mara moja tu kwamba nitanunua moja. Akazinunua yeye." Akaokota sindano. "Kila mwaka nasema, mwaka huu nitapata cha kwenda nacho. Sasa nikifika mikono mitupu baada ya miaka yote hii, nitapita langoni vipi?"

 Nilikuwa nimekuja na hasira iliyokatwa kwa kipimo cha tajiri mwenye kiburi, na aliyekuwa mbele yangu alikuwa mtu mwenye turubai, bakuli moja na aibu. Hasira haikumtosha. Ilining'inia tu, na mimi nikabaki nimeishika.

"Tangulia," akasema. "Nitakuja."

Hilo sikuliamini hata kidogo. Nikamfungua mtoto mgongoni, nikamweka juu ya wavu, nami nikaketi kando yake. Asingeweza kushona fundo lingine bila kutuondoa.

"Unafanya nini?"

"Nakungoja."

"Hata kesho?"

"Hata kesho. Mtoto chakula chake ninacho kifuani."

Akanitazama sana. "Wewe umefanana na mama."

"Usinitukane."

Mama mwenye kofia, ambaye alikuwa Msabato, alinikaribisha kwake, na Jumamosi nikaenda naye kanisani nikiwa na lesso ya kuazima. Sikumsikia mhubiri. Nilikuwa najiuliza nitawaambia nini nikirudi peke yangu, na nikamkumbuka mama mkwe, mikono yake kwenye zile kunde, na kwa mara ya kwanza nikajiuliza kama miaka ile yote amekuwa akimngoja mwanawe kwa namna hiyo, ameketi tu, mdomo umefungwa. Sikutaka kuliwaza hilo. Lilikuja lenyewe.

Jumapili asubuhi shemeji alikuwa mlangoni. Amenyoa. Shati si lake, mikono ilikuwa mifupi. Alikuwa na panga na mfuko wa omena kwa ajili ya mama yake.

"Twende kabla sijabadili nia," akasema.

Tulifika nyumbani alasiri. Langoni alisimama, nami nikajifanya nafunga mtoto upya ili asimame anavyotaka. Mama mkwe alikuwa anafagia uwanja. Akamwona. Ufagio ukabaki mkononi.

"Umekonda," akamwambia.

Halafu akanigeukia mimi. "Nyar Rangwe, njiani hukumpa chakula?"

Haki ya Mungu ningeweza kurudi Muhuru Bay kwa miguu. Lakini nilimwona akiuchukua ule mfuko wa omena kwa mikono miwili, kama watu wanavyopokea mtoto, na kuingia nao ndani haraka. Hakuuliza habari za mashua. Hadi leo sijui kama aliwahi kuziamini au alikuwa anamfunika tu.

Jumatatu asubuhi Mzee alikuja na vijana wake, akamkuta shemeji amekaa na mume wangu wanakunywa chai, akaona pia rundo la miti, fito na nyasi ambazo majirani walikuwa wameleta tangu alfajiri.

"Amekuja," akasema. "Basi tunaanza?"

"Tunaanza na yake," nikamwambia. "Kwanza nyumba ya mkubwa. Inaanza leo na kuisha leo, na leo hii anaingia, ndiyo desturi."

"Nyumba nzima? Siku moja?"

Fundi akaweka mkono begani mwake. "Mzee, nyumba ya matofali ni yako. Hii ni yetu. Leo nyinyi ni wabeba maji."

Baba mdogo wa mume wangu alionyesha mahali, kwenye upande wa lango ulio haki ya mkubwa, kisha akadai chai. Shemeji akachimba shimo la kwanza mwenyewe na kusimamisha mti wa kwanza. Mikono yake ilikuwa imezoea nyuzi nyembamba, basi mume wangu akaenda akaushika ule mti upande wa pili hadi udongo ukashindiliwa. Hawakutazamana. Baada ya hapo hakukuwa na wa kumwangalia mwenzake, watu walikuwa wengi mno. Wanaume wakafunga fito. Wageni wakavua viatu, wakakanyaga udongo shimoni na kuupenda kupita kiasi, ilibidi watolewe. Wakati wa kupaka, kazi ya wanawake kwetu, wanaume wao wakapaka pamoja na wanawake wetu, na majirani wakapata cha kusema mwaka mzima.

"Wewe kijana," mmoja akamwambia mvulana aliyekuwa akiurushia ukuta matope, "unapaka nyumba au unailisha?"

Kisha nikasikia ukelele. Kazi nzima ikasimama. Yule msichana wa pua ya kubanduka alikuwa amepanda ngazi na mganda wa nyasi, na sasa alikuwa amekaa juu ya paa, amepanua miguu, anatabasamu.

"Ashuke!" mama mkwe alikuwa akipiga kelele. "Ashuke! Mwanamke hapandi juu ya nyumba na mwenyewe yuko hai! Mwanangu amekuja jana, anataka kumzika leo?"

"Shuka!" nikamwambia kwa Kiingereza.

"Paa linavunjika?"

"Paa ni zima! Unamuua shemeji yangu!"

Alishuka bila kuzigusa ngazi nyingi, akajikwaruza goti, akaanza kulia na kumwomba shemeji msamaha kwa Kiswahili cha kitabu, na shemeji, ambaye alikuwa hai kabisa na mdomo umejaa muhogo, hakujua amsamehe nini. Mama mkwe ndiye aliyemshika mkono. Akampeleka kwenye ukuta, akamtia bonge la udongo kiganjani, akaweka mkono wake mweusi juu ya ule mwekundu na kusukuma. "Hapa," akamwambia kwa Kijaluo. "Hapa paka mpaka uchoke. Ukuta hauna neno." Tangu siku hiyo msichana yule hakumwacha. Walizungumza saa nzima nzima, kila mtu kwa lugha yake, na sijawahi kumwona mama mkwe akimsikiliza mtu hivyo.

Jua likiwa bado juu, nyasi za mwisho zikafungwa. Mzee akaizunguka nyumba na futi yake ya kupimia, akapima pembe moja, akapima ya pili, akaikunja futi akaitia mfukoni. "Hakuna kilichonyooka," akasema. "Na imekwisha." Shemeji akainama, akaingia na moto wake. Nyumba ilikuwa ndogo. Watu wawili ndani wangelazimika kukubaliana nani ageuke. Lakini ilikuwa yake na imesimama.

Mama mkwe akaenda kwenye mtaro wangu. Kigoda chake kilikuwa humo tangu Alhamisi. Akakitoa, akakikung'uta udongo, akarudi nacho jikoni.

Nikamwambia fundi, "Kesho."

Kesho yake lori lilileta saruji na mbao, na nyumba yangu ikaanza kupanda. Nitasema ukweli kuhusu vijana wale: ujenzi hawakujua. Waliweka matofali kwa upendo na ukuta ukaenda kama mtu aliyetoka kilabuni. Kila jioni walipoondoka kwenda kulala kanisani, fundi alibomoa mistari mitatu minne ya juu na kuipanga upya kabla giza halijaingia, na asubuhi wao walisimama mbele ya ukuta wakipongezana. Hakuna aliyewaambia. Shemeji alikuwa akimchanganyia fundi udongo. Mimi nilisogeza matofali, mtoto mgongoni, kwa sababu nilitaka kuwe na mahali ninapojua hili nimeliweka mimi.

Siku moja Mzee alikuja wakati fundi bado anabomoa. Nikashikwa na aibu. Yeye akasimama akatazama, akasema, "Nilidhani ni mvua inaunyoosha," akaokota tofali akampa fundi.

Mabati yalikuja siku mbili kabla hawajaondoka. Waliyapigilia Mzee na shemeji, wamekaa juu wakipeana misumari bila kuelewana hata neno moja, na bila kuhitaji. Msumari wa mwisho ulipoingia nilikuwa chini nimeshika ndoo. Sikulia wala sikupiga vigelegele kama wengine. Nilikaa tu chini kwenye mchanga, ndoo mapajani. Mmoja wao akanipiga picha akaniambia nitabasamu. Nikamwambia aniache kwanza nipumue.

Waliondoka asubuhi. Mchana wake mume wangu akaja kutoka sokoni, cherehani imefungwa nyuma ya baiskeli kwa mpira, mafungu ya vitambaa kichwani. Mtoto akamkimbia, kama kawaida. Lakini nyumba ilikuwa na vyumba viwili tu na mlango mmoja, na mlangoni nilikuwa nimesimama mimi. Mtoto akazunguka, akakosa pa kwenda, akakaa sakafuni akamtazama. Mume wangu naye akakaa sakafuni. Walitazamana muda mrefu. Kisha mtoto akamvua kiatu.

Shemeji alikaa wiki moja zaidi halafu akarudi kwenye nyavu zake, na Krismasi akaja, na baada ya Krismasi akawa anakuja hata bila sababu.

Siku ya tatu katika nyumba yangu, mume akiwa sokoni na watoto wamelala mchana, nilifunga mlango kwa ndani, nikajinyoosha juu ya saruji. Ilikuwa baridi mgongoni. Nikatulia nikijisikiliza kama hasira bado ipo. Ilikuwepo, kidogo, ya matumizi ya nyumbani. Ile kubwa sikuiona. Nilipumua hadi nikasikia mbavu zinafunguka.

Nikasikia nyayo nje. Nilizijua. Zilikuja hadi mlangoni zikasimama, kama za mtu anayetafuta neno ambalo hajawahi kulihitaji kwangu.

"Hodi," akasema mama mkwe. "Nyar Rangwe? Naomba chumvi."

Sikuinuka mara moja. Nilimwacha asimame kidogo, si sana, kiasi cha kuchambua kunde kumi.

"Karibu, mama," nikasema, nikaenda kumfungulia.